Muhavura, Gahinga au Sabinyo: upi wa kupanda kwa siku moja bila msongamano

Aliye Kisoro, mji wa kusini-magharibi mwa Uganda, haulizi mlima uko wapi. Asubuhi isiyo na ukungu, ukitazama kusini, mitatu imesimama mbele yako: Muhavura mashariki, mrefu na uliochongoka, Gahinga katikati, mfupi wa mgongo mpana, Sabinyo magharibi, wenye vilele vilivyomeguka. Yote ni volkano za safu ya Virunga, yote imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gorila ya Mgahinga, na yote hupandwa na kushukwa siku hiyo hiyo. Ndugu na marafiki wa Kabale, Mbarara na Kampala hutuuliza sisi wa huku swali moja: nina Jumamosi moja tu, sitaki kutembea nyuma ya msururu wa watu, niende upi?

Wengi huanza kwa kuuliza urefu. Mimi ningeanza na mambo mengine mawili: wingu hufika juu saa ngapi, na magoti yako yatashukaje. Katika hayo mawili milima hii inatofautiana zaidi kuliko katika mita.

Kwanza niiondoe ile mikubwa mezani. Rwenzori ndio wenye barafu na theluji, na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Barafu hiyo imekuwa ikipungua mwaka hata mwaka, na kuifikia ni safari ya siku nyingi kwenye matope na mvua, si ya mwenye Jumamosi moja. Elgon una kilele cha Wagagai chenye mita 4,321, lakini ni mlima mpana mno. Anayetaka kufika juu hulala njiani. Kule unaweza kutembea msituni kwa siku moja ukafurahi sana, ila kileleni hufiki. Huku kwetu unaondoka mjini alfajiri, mchana unasimama juu ya volkano, na jioni unakula chakula cha moto Kisoro.

Msongamano unatoka wapi

Hifadhi ya Mgahinga ilitangazwa mwaka 1991 na ina kilomita za mraba 33.7 tu, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa za Uganda. Mtu akisikia hivyo hudhani watu watakuwa wamebanana. Sivyo. Wageni wengi wa gorila huenda hifadhi ya jirani ya Bwindi, na huku kundi la gorila waliozoeshwa kuonana na watu ni moja, la Nyakagezi, linalotembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku. Waongeze wanaofuata kima-dhahabu kwenye mianzi, na wanaopita njia ya Wabatwa, wenyeji wa zamani wa msitu huu. Hao ndio utakaowakuta wote kwenye lango la Ntebeko asubuhi, magari yamepangwa, askari wa hifadhi wakitoa maelezo. Baada ya maelezo kila kundi linashika njia yake, na hapo kelele inakwisha.

Kwa hiyo umati unaokuhusu wewe mpandaji ni wa sehemu mbili tu. Wa kwanza ni wa msimu: Juni hadi Agosti, na tena Desemba hadi Februari, ndipo wageni kutoka nje wanapokuwa wengi, kwa sababu ndiyo miezi yenye mvua chache. Wa pili ni wa njia yenyewe. Kwenye mteremko mpana watu ishirini hawasumbuani. Kwenye ngazi ya mbao inayopandwa na mtu mmoja mmoja, watu sita ni wengi. Jambo hilo linauhusu Sabinyo zaidi ya mingine.

Ukiweza kuja Jumanne au Jumatano, hata katika Julai, mara nyingi mtakuwa kundi lenu peke yenu. Wanaofanya kazi Kisoro wanalijua hili, na ndiyo maana wengi wao hupanda siku za kazi.

Sabinyo: mzuri kuliko yote, na wenye masharti mengi

Sabinyo una mita zaidi ya 3,600. Si mrefu kama Muhavura, lakini ni mlima mkongwe uliokwanguliwa na mvua kwa muda mrefu hadi ukabaki na vilele kadhaa na mabonde ya kutisha katikati yake. Njia ya upande wa Uganda inaanzia Ntebeko, inapita kwenye yaliyokuwa mashamba zamani, inaingia kwenye mianzi, kisha inapanda mgongo mwembamba wenye miti ya baridi iliyoota kuvu na ndevu za kijani. Kwenda na kurudi ni kilomita 14 hivi, na mwendo wa kawaida ni saa nane.

Ukifika kilele cha kwanza unadhani umemaliza. Hapo ndipo kazi inapoanza. Kati ya kilele cha kwanza na cha pili unashuka na kupanda tena, na kwenda cha tatu unapanda ngazi za mbao zilizoegemezwa kwenye mwamba, pande zote mbili kuna utupu. Kilele cha tatu ndipo zinapokutana Uganda, Rwanda na Kongo. Unaweza kuzunguka nchi tatu kwa hatua chache bila kugonga muhuri wa pasipoti, na kwa mtu wa mpakani, ambaye ana shangazi Rutshuru na mjomba Musanze, kusimama pale kuna uzito ambao siwezi kuueleza kwa mita.

Sasa masharti. Kama kimo kinakutia kizunguzungu hata ukiwa kwenye ghorofa, usichague Sabinyo. Mvua ikinyesha zile ngazi huteleza, na kuzishuka unageuza uso ukutani huku mguu ukitafuta kipande cha mti usichokiona. Hapo ndipo kundi kubwa linapokuwa mzigo: mmoja akiogopa katikati ya ngazi, wote walio juu wanangoja kwenye upepo. Nimewaona watu wenye nguvu wakigeukia kilele cha pili, na kwa maoni yangu walifanya vema. Kilele cha pili kina mandhari ya kumtosha mtu yeyote.

Liko pia suala la mpaka. Juni 2022 mji wa Bunagana upande wa Kongo uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na maelfu ya watu wakavuka kuja Kisoro. Wengi walipokelewa kituo cha Nyakabande. Mlima haukuhama, lakini kilele chake cha tatu kiko palepale kwenye mpaka. Askari wenye silaha husindikiza kila kundi, kwa ajili ya mbogo na kwa ajili ya mpaka pia. Kabla hujapanga Sabinyo, uliza ofisi ya hifadhi pale Kisoro mjini kama njia iko wazi hadi juu. Wakikuambia mwisho ni kilele cha kwanza, ni hapo, na usijaribu kumshawishi afande njiani.

Muhavura: mkimya na mgumu

Muhavura una mita 4,127. Ndio mrefu kati ya mitatu, na kwa anayetafuta upweke ndio ninaoutaja wa kwanza. Sababu ni ya kijiografia tu: njia yake inaanzia kituo chake chenyewe upande wa mashariki, mbali na lango la Ntebeko wanakokusanyika wa gorila na kima-dhahabu. Wengi wanaokuja kwa gari la kampuni ya utalii hawafiki upande ule kabisa. Siku nyingi za kawaida utakutana na wakulima wa viazi hadi ukutani mwa hifadhi, na baada ya ule ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia mbogo wasile mashamba, ni wewe, wenzako na askari.

Kilomita zake ni 12 hivi kwenda na kurudi, chache kuliko za Sabinyo, na hili huwadanganya watu. Unapanda zaidi ya mita 1,700 ndani ya hizo sita za kwenda. Hakuna mahali pa kupumzisha mguu. Mianzi ni michache, kwa hiyo hakuna kivuli wala kitu cha kushika. Ni majani, mawe ya volkano yanayobingirika, kisha vichaka vya baridi, halafu mimea mirefu ya lobelia iliyosimama peke yake kwenye ukungu. Saa nane ni kwa mtu aliyezoea. Mimi ningempa mgeni saa tisa bila kumwonea haya.

Hewa nayo ni nyepesi. Anayeishi Kisoro amezoea mita 1,900 hivi. Anayetoka Kampala anaishi kwenye mita 1,200. Ukifika Ijumaa usiku na kupanda Jumamosi asubuhi, kuanzia mita 3,500 kichwa kinaweza kuanza kuuma na chakula kikakataa kushuka. Tembea taratibu tangu mwanzo, kunywa maji mara nyingi hata kama husikii kiu, na kichwa kikizidi kuuma au ukianza kuyumba, geuka. Kushuka ndiyo dawa yenyewe. Aliyefika Alhamisi akalala siku mbili Kisoro ana nafasi nzuri zaidi, na kama unaweza kuomba ruhusa ya Ijumaa kazini, mlima huu unastahili ruhusa hiyo.

Juu kuna ziwa dogo ndani ya kreta, yaani shimo la mdomo wa volkano; upana wa ziwa hauzidi mita arobaini, maji baridi ya kuumiza vidole. Kukiwa wazi, upande wa Uganda unaona maziwa ya Mutanda na Mulehe, upande wa Rwanda unaona ya Burera na Ruhondo, na safu nzima ya Virunga inaelekea magharibi hadi Kongo. Wenye bahati huona Rwenzori kaskazini. Unaweza kukuta watu waliopanda kutoka Rwanda, kwa sababu mpaka unapita juu pale. Mtasalimiana, mtapigana picha, na kila mmoja atarudi kwao. Hata hao kwa kawaida ni wachache.

Lakini ukichelewa, hayo yote huyaoni. Wingu hufika kwenye kilele cha Muhavura mapema, na kwa sababu ndio mrefu, ndio unaolishika kwanza. Nimeshuhudia mara nyingi: saa tatu asubuhi mlima mzima uko wazi, saa tano umevaa kofia, saa saba hauonekani. Anayeanza kutembea saa mbili na nusu atafika juu ndani ya wingu jeupe kama maziwa ya kunywa. Mwombe afande muanze mapema kadiri hifadhi inavyoruhusu, na ili hilo liwezekane lazima taratibu za malipo zimalizike jana yake. Hili ndilo jambo moja ambalo ningependa kila anayechagua Muhavura alitendee kazi.

Gahinga: wa watu wengi, na si wa kudharau

Gahinga una mita 3,474, na kwa mtu ambaye hajawahi kupanda volkano ndio ninaompa bila kusita. Kilomita 8, saa sita, kuanzia Ntebeko. Sehemu kubwa ya njia iko ndani ya mianzi, na mianzi ya Gahinga ni minene kuliko ya milima miwili mingine. Jua likiwa kali unatembea kivulini. Upepo ukipita juu, miti inagongana na kutoa sauti za mbao tupu. Wakati wa machipukizi, kima-dhahabu huja kuyala, na anayepanda kwa utulivu anaweza kuwaona hata bila kulipia safari yao. Alama za mbogo ziko kila mahali, na za tembo mara mojamoja.

Kileleni hakuna ncha. Kuna kreta pana yenye kinamasi, imejaa lobelia kubwa, na kimya chake ni cha namna ya pekee kwa sababu kingo za kreta zinazuia upepo. Wengine huvunjika moyo kwamba hakuna mandhari ya mbali kama ya Muhavura. Kweli, hakuna. Ila Gahinga hauhitaji anga safi ili kupendeza, na hapo ndipo unapoishinda mingine miwili: siku ya ukungu, ambayo ingekunyima kila kitu kule Muhavura, hapa inaufanya msitu na kreta kuwa bora zaidi. Kwa anayekuja Aprili au Oktoba, msimu wa mvua, hoja hii inatosha kumaliza mjadala.

Kuhusu watu, Gahinga unatumia lango lilelile la Ntebeko, hivyo asubuhi utachanganyika na makundi mengine, na kipande cha mwanzo mnaweza kukitembea karibu karibu na wafuata kima. Baada ya hapo njia inatulia.

Jambo moja la kukumbuka ukiwa kwenye msitu huu: kabla ya hifadhi, Wabatwa waliishi hapa, na walitolewa. Pango la Garama, lililo chini ya lava, lilikuwa lao. Baadhi yao leo wanaongoza wageni kwenye njia iliyopewa jina lao. Ukiwa na siku ya pili, itumie kuwasikiliza na kuwalipa.

Kushuka ndiko kunakoamua

Watu hujipima kwa kupanda. Lakini wanaoumia huumia wakishuka, mchana, miguu ikiwa imechoka na mvua ikiwa imeanza.

Kwa Muhavura, mteremko ni mkali na mawe yanabingirika. Mzigo wote unakaa kwenye magoti na vidole vya mbele. Mwenye goti bovu asiende, hata kama pumzi anayo. Kwa Sabinyo, magoti yanapata nafuu kidogo, lakini mikono na moyo vinafanya kazi kwenye ngazi, halafu bado una mwendo mrefu wa mianzi huku umechoka. Kwa Gahinga unateleza kwenye tope, utaanguka mara moja au mbili, na utaangukia majani. Gambuti zinafaa sana Gahinga. Muhavura vaa viatu vya ngozi vinavyoshika kifundo cha mguu, kwa sababu gambuti kwenye mawe yale zitakuchubua.

Katika yote mitatu, chukua mpagazi na ununue fimbo langoni. Nasema hivi kwa watu wenye nguvu pia. Mpagazi ni kijana wa vijiji vya jirani, vijiji vilivyopoteza ardhi ya kulima hifadhi ilipoanzishwa. Malipo yako yanaingia nyumbani kwake jioni hiyo hiyo. Tena anajua jiwe lipi linaondoka ukilikanyaga.

Kuhusu gharama, raia wa Uganda na wa Afrika Mashariki hulipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa mbali, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Bila hicho utaanza mabishano langoni. Usafiri ndio unaotofautiana: Ntebeko iko kilomita 14 hivi kutoka mjini kwa barabara ya mawe, na boda boda wanaijua vizuri. Kwa Muhavura kubaliana na dereva mapema, tena akusubiri au arudi, kwa sababu jioni upande ule hupati boda ya kuokota njiani.

Ningemshauri nani nini

Kijana mwenye pumzi, anayetaka mlima uwe wake peke yake, aliyelala Kisoro angalau usiku mmoja, katika mwezi mkavu: Muhavura, na aanze mapema.

Kundi la marafiki wa ofisini ambao wawili wanakimbia kila asubuhi na wengine watatu hawajapanda hata ngazi za jengo: Gahinga. Msigawanyike. Kundi linalovutana kwenye Muhavura huishia kugeuka wote mita mia tatu chini ya kilele, na siku imeharibika.

Aliyekwisha kupanda mmoja wa hiyo miwili, asiyeogopa kimo, anayeweza kuja katikati ya wiki: Sabinyo, kama ofisi imesema njia iko wazi na anga ya jana yake ilikuwa kavu. Jumamosi ya Julai kwenye ngazi zile sikushauri.

Mama au baba mwenye watoto wakubwa kiasi: Gahinga pia, na mkubaliane na afande tangu mwanzo kwamba mtageuka saa saba mchana popote mtakapokuwa. Watoto wakiwa wadogo, njia fupi ya korongo la Sabinyo inawatosha; mnatembea chini ya kuta za mlima bila kugusa ngazi, na ndege ni wengi.

Usiku wa kuamkia safari, kaa nje dakika chache. Nyota zikionekana juu ya Muhavura saa nne usiku, nafasi yako ni nzuri. Kukiwa na radi upande wa Kongo na uliandikisha Muhavura au Sabinyo, mpigie afande asubuhi kabla hujaondoka, muulize kama mnaweza kubadili mwende Gahinga. Beba nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, koti la mvua, maji lita mbili au tatu, na chapati zenye mayai zilizofungwa vizuri, kwa kuwa juu hakuna duka. Na kama unarudi Kampala kwa basi la usiku, usikate tiketi ya usiku huo huo ukichagua Muhavura. Lala Kisoro, usafiri kesho yake miguu ikiwa imepoa.